Miaka 22 iliyorukwa: wasifu wa mwalimu wa Tukuyu

Wasifu wa kwanza ulitumwa kwenye grupu la familia usiku wa kuamkia mazishi. Aliuandika kijana mkubwa wa marehemu kwenye simu yake, na kwa mtu ambaye hakuwa amelala vizuri kwa siku kadhaa, ulikuwa safi. Marehemu alizaliwa Tukuyu mwaka 1960. Alisoma shule ya msingi. Mwaka 1982 alifunga ndoa takatifu, na katika ndoa hiyo Mungu aliwajalia watoto wanne. Alikuwa mwalimu, alimsaidia mumewe katika kilimo cha chai, alikuwa mcha Mungu na mpenda watu. Halafu ukaja ugonjwa: lini miguu ilianza kuvimba, lini sukari ilipanda, zahanati ya kwanza, rufaa, kulazwa, kuruhusiwa, kurudishwa tena, saa aliyokata roho. Ugonjwa peke yake ulichukua zaidi ya nusu ya karatasi.

Kati ya kuzaliwa na kuolewa palikuwa na sentensi moja.

Mimi ndiye niliyepangiwa kuusoma, kwa kuwa nilifundisha na marehemu na kwa kuwa sauti yangu inafika nyuma hata jenereta ikizima. Kisa hiki nakieleza kwa ruhusa ya familia, bila jina la mtu. Nakieleza kwa sababu kilichotokea usiku ule hutokea kwenye misiba mingi ya akina mama huku kwetu Rungwe na Mbeya, ila mara nyingi kinamalizwa kwa kunong'onezana jikoni na karatasi inasomwa vilevile ilivyo.

Kwanza niseme neno la kumtetea kijana. Anayeandika wasifu huandika anachokijua, na anachokijua zaidi ni kile alichokishika mwisho. Yeye ndiye aliyembeba mama yake kwenye bajaji usiku, ndiye aliyekaa kwenye foleni ya dirisha la dawa. Miezi ile minane ya mwisho ilikuwa kichwani mwake kwa saa na dakika. Mwaka 1966, mama yake alipoingia darasa la kwanza, ulikuwa hadithi tu. Ndiyo maana wasifu nyingi siku hizi zinafanana na cheti cha hospitali. Sioni ubaya wa moyo hapo, lakini haitoshi.

Kuna sababu ya pili, na hii ndiyo nzito. Mwanamke aliyeolewa huzikwa kwa mumewe. Marehemu huyu alizikwa upande wa Mwakaleli, kwenye viwanja vya ukoo wa mzee wake, umbali wa safari kutoka mji aliokulia. Waliojaa pale uwanjani walikuwa wakwe, mashemeji, mawifi, majirani wa ndoa, waumini wa usharika wa ndoa. Wote hao walimfahamu kuanzia 1982. Kwao alianza siku aliyofika na sanduku. Watu wa Tukuyu waliomjua akiwa binti walikuja kwenye Hiace moja, wakakaa pembeni kama wageni, na hakuna aliyewapelekea karatasi waipitie. Mwanamke husimuliwa na watu waliomkuta akiwa mke. Mwanaume huzikwa na waliomwona akichunga ng'ombe, kwa hiyo utoto wake haupotei hata kama hakuna aliyeuandika.

Zamani pengo hili lilizibwa na kilio. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliokaa Unyakyusa miaka ya 1930 wakichunguza mila, walikuta msiba ukiwa na ngoma na maombolezo ya siku nyingi, na jamaa wa pande zote wana nafasi yao. Hata leo mama wa Kinyakyusa akifika msibani analia kwa maneno: anamwita marehemu, anamkumbusha walikopita pamoja, anamuuliza amemwachia nani huyu na yule. Ni wasifu wa mdomo, na mara nyingi ni wa kweli kuliko wa karatasi. Dada mkubwa wa marehemu aliposhuka kwenye ile Hiace alilia namna hiyo, kwa Kinyakyusa, kwa sauti ambayo nusu ya uwanja iliisikia. Katika kilio chake aliwataja watoto wa marehemu mmoja mmoja. Alitaja watano.

Wale vijana wa mjini, wasiojua Kinyakyusa sawasawa, hawakulishika. Wazee walilishika, wakatazama chini.

Tarehe tatu

Jioni kikao cha familia kilikaa sebuleni kuhakiki ratiba. Nikaomba tuanze na jambo jepesi, tarehe ya kuzaliwa, nikidhani litachukua dakika mbili.

Zilikuwepo tatu. Kadi ya ubatizo ya Kanisa la Moravian, ambayo dada yake alikuja nayo ndani ya Biblia, ilisema 1957. Karatasi za kazi na kitambulisho cha Taifa zilisema 1958, na ndizo zilizomstaafisha mwaka 2018 alipotimiza miaka 60. Cheti cha ndoa kiliandikwa bibi harusi ana miaka 22, na kijana alichukua 1982 akatoa 22 akapata 1960. Mafundi wa msalaba walikuwa wameshapewa hiyo hiyo 1960.

Kwa watu wa umri wake hili si ajabu. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa kitu cha nadra vijijini, na mtu alijazwa mwaka kila alipokutana na ofisi: mwalimu mkuu akikadiria kwa urefu, karani akikadiria kwa uso, mchungaji akiuliza na kuandika alichoambiwa. Kanuni yangu ni ndogo. Karatasi iliyoandikwa karibu zaidi na tukio ndiyo ya kuaminiwa, isipokuwa kama kuna sababu ya kuitilia shaka. Kadi ya ubatizo iliandikwa mtoto akiwa amebebwa. Cheti cha ndoa kiliandikwa robo karne baadaye, na kila mtu anajua umri wa bibi harusi hupunguzwaga mkono ukiwa mwepesi.

Kuna aliyesema, "Mwalimu, miaka mitatu tu, ina nini? Weka yoyote." Ina mengi. Alimaliza darasa la saba mwaka 1972, cheti chake kipo. Akiwa amezaliwa 1960 alimaliza na miaka 12, jambo ambalo kwa shule za wakati ule, watoto walipoanza wakiwa wakubwa, ni gumu kuliamini. Akiwa amezaliwa 1957 alimaliza na miaka 15, kama wenzake wote. Na lipo jambo la pili lililotegemea miaka hiyo mitatu, ambalo wakati huo lilikuwa bado halijatajwa sebuleni.

Veranda ya fundi cherehani

Tulipokubaliana 1957, zile 22 zikawa 25: robo karne nzima ndani ya sentensi moja. Nikamwomba dada yake aieleze. Alikuwa na haya mwanzoni, akizungumza na shemeji zake kwa kuinamisha kichwa, lakini alipoingia Tukuyu alichangamka.

Tukuyu ni mji mdogo uliozaliwa na ofisi. Wajerumani waliuweka kama makao ya wilaya wakauita Langenburg Mpya, Waingereza wakaurithi, na boma likabaki boma. Mahali penye boma pana askari, makarani, wafungwa, wachuuzi, madereva wa Malawi na maduka yenye veranda, kwa hiyo Kiswahili kilikaa mjini mapema, huku vijiji vya migombani vikiendelea na Kinyakyusa. Baba yao alikuwa fundi cherehani kwenye veranda ya duka. Mama yao aliuza ndizi na maharage sokoni. Mvua ya kule hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na watoto wa fundi walikulia chini ya bati la veranda ile wakiokota vitambaa na kusikiliza wateja wanaongoja mvua ikatike. Haikatiki upesi. Kwa hiyo walisikia mengi, na karibu yote kwa Kiswahili.

Hapa nilimkatiza, kwa sababu ghafla nilielewa jambo ambalo nilikuwa nimeliona kwa miaka bila kujua chanzo chake. Marehemu alikuwa mwalimu bora wa darasa la kwanza niliyewahi kufanya naye kazi. Watoto wa vijiji vyetu walikuja shuleni wakiwa na Kinyakyusa peke yake, wakakuta masomo yote kwa Kiswahili, na wengi wetu walimu tulikuwa tumejifunza Kiswahili kwa kitabu. Yeye alikijua kwa masikio. Alijua mtoto wa huku atateleza wapi, kwenye z na kwenye r, na hakuwacheka. Aliwafanya wacheze duka: mmoja fundi, mmoja mteja, mwingine dereva anayeulizia bei. Nilidhani ni mbinu aliyofundishwa chuoni. Kumbe alikuwa anairudia veranda ya baba yake.

Sentensi ya "alisoma shule ya msingi" ilikuwa imefuta hilo lote. Ukitaka kujua kwa nini watu wazima wenye mvi walikuja kutoka Kiwira na Katumba kumzika mwalimu wao wa darasa la kwanza, jibu liko kwenye miaka aliyoiruka mwandishi.

Mwalimu wa UPE

Neno "alikuwa mwalimu" nalo lilihitaji kufunguliwa. Kijana aliliacha limefungwa kwa makusudi, na aliniambia sababu: mama yake alikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na hakutaka watu wacheke.

Vijana wa leo huenda hawajui. Mwezi Novemba 1974, chama cha TANU kilipitisha Azimio la Musoma, kwamba kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo Novemba 1977. Madarasa yangeweza kujengwa kwa nguvu za wanakijiji, lakini walimu wangetoka wapi? Vyuo havikutosha. Serikali ikachukua makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba na kuwafundisha wakiwa kazini. Nusu ya siku mwanafunzi-ualimu anafundisha watoto, nusu nyingine anafundishwa yeye, masomo yakija kwa posta na kwa redio chini ya usimamizi wa mkufunzi wa eneo lake, miaka mitatu, kisha mtihani. Mtaani wakapewa jina la kejeli, Ualimu Pasipo Elimu, na kejeli hiyo imewafuata hadi makaburini.

Yeye aliingia mwaka 1976, akafaulu, akaanza daraja la C na kupanda kidogo kidogo hadi A, akisoma likizo kwa likizo akiwa na watoto mgongoni. Jioni alishika darasa la watu wazima. Hiyo ilikuwa miaka ya kisomo chenye manufaa: sensa ya 1967 ilikuta takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini hawajui kusoma na kuandika, na kufikia mtihani wa taifa wa 1977 waliobaki walikuwa asilimia 27. Tarakimu hizi zinatajwa sana kwenye hotuba. Sebuleni usiku ule zilikuwa na sura: mmoja wa waliojifunza herufi kwenye darasa lake la jioni alikuwa mama yake mzazi, muuza ndizi, ambaye baadaye aliandika mwenyewe daftari la wadaiwa wake sokoni. Dada yake anasema wadaiwa hawakufurahi.

Nikamwambia kijana kwamba UPE si aibu ya kufichwa, ni sehemu ya wasifu inayotakiwa isomwe kwa sauti zaidi. Nusu ya watu waliokaa kwenye viti vya plastiki pale nje walisomeshwa na mwalimu wa UPE. Akakubali bila ubishi. Bishano lilikuwa linakuja.

"Mdogo wake"

Kwenye rasimu, chini ya waliobaki, palikuwa na orodha ya ndugu wa marehemu: dada mkubwa, kaka wawili waliotangulia, na mdogo wake wa kike anayeishi Kyela. Huyo wa mwisho alikuwa sebuleni, amekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Dada mkubwa alimtazama, kisha akamtazama kijana.

"Huyu si mdogo wake. Huyu ni mwanawe."

Alizaliwa mwaka 1974, kabla ya ualimu, kabla ya ndoa. Bibi yake, yule muuza ndizi, alimlea pale Tukuyu kama mtoto wake wa mwisho ili binti aweze kuendelea na maisha. Mpango huo ulikuwa wa kawaida, na kwa namna fulani ulikuwa wa huruma: bila huo asingeomba nafasi ya ualimu miaka miwili baadaye. Hapa ndipo mwaka wa kuzaliwa ulipogeuka kuwa kitu kikubwa. Kwa 1960, mama alijifungua akiwa na miaka 14, na mmoja wa wajomba alishasema hadharani kwamba habari hizo haziwezekani, hesabu haikubali. Kwa 1957, alikuwa na miaka 17, na hesabu inakubali bila shida. Kosa la cheti cha ndoa lilikuwa limemfanya mtu mzima aliyekaa mkekani aonekane hawezi kuwepo.

Kijana alikasirika, na simlaumu. "Mama mkubwa, hayo si ya kusema makaburini."

"Kwani nimekwambia uyaseme? Nimekwambia usiandike uongo."

Hilo ndilo swali lenyewe la kisa hiki, na nalichukua kwa uzito wa pande zote mbili. Marehemu hayupo kujitetea. Siri aliyoitunza mtu maisha yake yote haiwi mali ya wanaomzika kwa sababu tu ameshindwa kuzuia midomo yao. Nimewahi kuona msiba ukivurugika kwa mtu kusimama na kutangaza jambo ambalo marehemu alilificha kwa machozi, na nikadhani ni ukatili uliovaa nguo ya ukweli. Kwa hiyo sikukubaliana moja kwa moja na dada mkubwa. Niliuliza: yeye mwenyewe alisemaje? Je, aliwahi kulisema hili kwa mdomo wake au kwa mkono wake?

Nilikuwa na sababu ya kuuliza hivyo, na inatoka kwenye kanisa lao. Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka katika jumuiya ya Herrnhut kule Ujerumani, na jumuiya hiyo ilikuwa na desturi tangu karne ya 18 kwamba kila muumini aandike maisha yake mwenyewe akiwa hai, na yasomwe siku ya mazishi yake. Jamaa huongeza tu mwisho: ugonjwa na kufa. Maandishi ya namna hiyo yapo kwa maelfu, ya wakulima na wajakazi pamoja na waheshimiwa. Sisemi wasifu wa misiba yetu umetoka huko. Wakatoliki na Walutheri nao wanasoma. Lakini ulinganifu una manufaa. Kule, mwenye maisha aliandika maisha na jamaa wakaandika kifo. Huku kwetu jamaa huandika vyote, na ndiyo maana kifo kinashinda.

Kilipatikana kitu. Mzee, mume wa marehemu, ambaye muda wote alikuwa kimya, alimtuma mjukuu alete bahasha ya kahawia kutoka kabatini. Ndani yake zilikuwemo nakala za makaratasi ya kustaafu. Mahali palipotaka majina ya watoto, mwalimu alikuwa amejaza kwa mwandiko wake ule wa ubaoni, herufi zimesimama wima kama za kufundishia. Watano. Wa kwanza, kwa jina na mwaka, 1974.

Mzee akasema, "Nilipokwenda kuposa niliambiwa. Baba yake aliniita verandani akaniambia, kijana, huyu ana mtoto. Nikasema nimesikia." Akanyamaza, kisha akaongeza kwamba hakulisema kwa watoto kwa kuwa mkewe ndiye alikuwa na haki ya kulisema, na mkewe alidhani kila mtu anajua.

Yule binti wa Kyela, mama wa miaka hamsini sasa, aliulizwa kama ana neno. Alisema anaomba asiandikwe mdogo. Kama haiwezekani kuandikwa mtoto, basi jina lake liachwe kabisa.

Hukumu yangu ilikuwa hii, na bado nasimama nayo. Marehemu alipoandika kwa mkono wake kwenye karatasi ya serikali, hakuwa anaficha. Familia haina mamlaka ya kumhariri. Wakati huohuo hakuandika popote jina la baba wa mtoto wala mazingira, na hapo ukimya wake uheshimiwe vilevile. Kwa hiyo wasifu ungesema: ameacha mume, watoto watano na wajukuu, na watoto wangetajwa kwa kufuatana walivyozaliwa. Bila maelezo. Yale maneno "katika ndoa hiyo Mungu aliwajalia watoto wanne" yakafutwa, kwa sababu ingawa kila neno lake lilikuwa kweli, yalikuwa yamewekwa pale kufunga mlango.

Kuna waliodhani haya ni mabishano ya heshima tu. Siyo. Baada ya arobaini familia hukaa kikao, muhtasari huandikwa, msimamizi wa mirathi hupendekezwa, na mahakama hutaka kujua warithi ni akina nani. Karani wa kikao anayatoa wapi majina? Mara nyingi kwenye nakala ya wasifu, kwa kuwa ndiyo karatasi pekee iliyochapwa ambayo kila mtu aliisikia na hakuna aliyeipinga. Aliyesomwa kama mdogo wa marehemu mbele ya watu mia tatu atapata kazi kubwa miezi miwili baadaye kuthibitisha kwamba ni mtoto. Atakayempinga atasema, mbona pale makaburini hukusimama? Wasifu husomwa kama maombolezo na baadaye hutumika kama ushahidi.

Alimsaidia mumewe

Ilikuwa imeshapita saa sita usiku tulipofika kwenye chai, na watu walitaka kulala. Nililisukuma kidogo tu.

Shamba lenyewe liko karibu na Katumba. Lilinunuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati mzee alikuwa bado kazini Mbeya mjini na anarudi mwisho wa mwezi. Fedha za kununulia zilitoka kwenye mshahara wa mwalimu na ng'ombe mmoja wa mzee. Hilo mzee mwenyewe alilisema. Palizi, kupogoa, kuchuma majani mawili na chipukizi asubuhi kabla ya kengele ya shule, kubeba kikapu hadi kwenye banda la kupimia: yote ya mke na vibarua aliowalipa yeye. Ila mkulima aliyesajiliwa alikuwa mume, kwa hiyo kila kilo iliyopimwa kwa zaidi ya miaka ishirini iliandikwa kwa jina la mtu aliyekuwa Mbeya. Wala haikuwa hila. Ndivyo ilivyokuwa ikifanyika, mkuu wa kaya ndiye mkulima.

Nilipendekeza "alimsaidia mumewe katika kilimo cha chai" iwe "alilima chai". Shemeji mmoja alihoji kama hiyo si kumnyang'anya mzee shamba lake akiwa amekaa pale pale. Nikamkumbusha jambo ambalo Mahakama ya Rufani ililiamua mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali iliyopatikana ndani ya ndoa, chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Kesi ile ilikuwa ya talaka, na hapa hakukuwa na talaka bali kifo, kwa hiyo sikuitaja kama sheria ya kugawa shamba. Niliitaja kwa sababu ya aibu: kama mahakama ya juu kabisa iliweza kuiona kazi ya mwanamke aliyekuwa akipika na kufua, sisi tunashindwaje kumwona mwanamke aliyekuwa na kikapu cha chai mgongoni?

Mzee alisema iandikwe walilima pamoja. Nikaona ni haki, tena ni sahihi zaidi ya nilivyopendekeza, kwa kuwa ng'ombe alikuwa wake.

Ugonjwa tuliubakisha mistari miwili. Kijana aliomba libaki jina la muuguzi mmoja aliyewahudumia vizuri, likabaki.

Asubuhi kulikuwa na manyunyu, na msimamizi wa ratiba alitupa dakika tano badala ya kumi. Nilisoma kwa kasi sehemu ya shule na kamati za usharika, nikatulia kwenye veranda, UPE na majina ya watoto. Nilipotaja la kwanza kulikuwa na mnong'ono upande wa mawifi, ukaisha. Kundi la watu wa Tukuyu walikuwa wamesimama nyuma ya hema. Dada mkubwa aliitikia "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, kwa sauti nilipotaja jina la baba yao fundi. Wanafunzi wake wa zamani walicheka niliposoma kuhusu daftari la wadaiwa, mchungaji naye akacheka, halafu akatoa mahubiri marefu kuliko wasifu.

Msalaba wa mbao ulikuwa umeshaandikwa 1960 na hapakuwa na muda wa kuupaka upya. Itarekebishwa watakapojengea.

Kikao cha mirathi kilikaa baada ya arobaini. Walipendekezwa wasimamizi wawili, yule mama wa Kyela na kijana aliyeandika rasimu ya kwanza, na majina matano yakaingia kwenye muhtasari bila mjadala. Pensheni na nyumba ya Mbeya havikuleta shida. Shamba la chai bado linaleta: mzee yuko hai, shamba liko kwa jina lake, na wajomba wawili upande wake wanasema shamba la mtu aliye hai halijadiliwi. Watoto wanasema nusu ya shamba ilikuwa ya mama, na wamechukua nakala ya wasifu, wameibandua ile aya ya "walilima pamoja", wameigonga muhuri kwa mtendaji. Nimeitwa mara mbili kueleza nani alitamka maneno hayo. Nimewajibu kila mara kwamba aliyatamka mzee mwenyewe, na kwamba waliosikia sebuleni bado wapo.